Mtaa Unalea: Kumbukumbu za Utoto katika Mji wa Kale wa Mombasa

Kwa nini watu waliokulia Kibokoni, Kuze, Mkanyageni au Bondeni hawachoki kusimuliana utoto wao? Vijana huliuliza swali hili wanapoketi na wazee wao na kusikia kwa mara nyingine habari zile zile: mwalimu wa chuoni, muuza kahawa, majahazi ya tende, pembea za Makadara siku ya Idi. Wageni nao hulishangaa wanapowaona wazee wawili, mmoja akiishi Mombasa na mwenziwe Muscat au London, wakibishana saa nzima kwenye simu juu ya nyumba iliyokuwa ubavuni mwa msikiti fulani.

Jibu la haraka ni kwamba wana hamu ya zamani. Jibu hilo lina ukweli, lakini halitoshi. Hadithi hizi zimebeba elimu ambayo haikuandikwa popote: namna mji ulivyoishi, watoto walivyolelewa, na majirani wa asili mbalimbali walivyokaa mlango kwa mlango. Sura hii inaeleza mji wenyewe, sababu za kumbukumbu za utoto kudumu, mambo ambayo kumbukumbu hizo zinayahifadhi na yale zinayoyaacha, na mwisho namna ya kuzikusanya kabla hazijapotea.

## Mji ulivyo

Mji wa Kale uko upande wa mashariki wa kisiwa cha Mombasa, ukitazamana na bara ya Nyali ng'ambo ya maji. Kusini yake imesimama Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Mji una umri mkubwa kuliko ngome hiyo. Ibn Battuta, msafiri mashuhuri kutoka Morocco, alifika Mombasa mwaka 1331 akakuta watu wa dini, chakula chao ndizi na samaki, na misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi.

Eneo lote la Mji wa Kale ni takriban hekta 72. Ndani ya nafasi hiyo ndogo waliishi watu wa asili nyingi. Walikuwapo Waswahili wa Thenashara Taifa, yaani muungano wa jamii kumi na mbili za wenyeji wa Mombasa, ambao wenyewe umegawanyika kuwa Tisa Taifa na Thelatha Taifa. Walikuwapo Waarabu wa Omani na Washihiri wa Hadhramaut, Wabaluchi ambao wazee wao waliletwa kama askari, Mabohora, Wahindi wa madhehebu mbalimbali, Wagoa, Wabajuni na Wangazija. Kutoka bara walikuja Wamijikenda na mazao yao, na wengi wakahamia mjini kabisa.

Ujenzi wa mji ulichangia sana aina ya utoto uliopatikana humo. Nyumba za kale zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, yaani mawe yanayochimbwa kwenye miamba ya pwani, yakashikanishwa na kupakwa chokaa. Dari zilibebwa na boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti ya mkoko kwa kawaida haifuniki upana unaozidi mita tatu hivi, vyumba vilitoka vyembamba na virefu. Kuta nene na vichochoro vyembamba viliwapa watu kivuli mchana kutwa, na gari halikuweza kupita katika vingi vya vichochoro hivyo. Nje ya mlango palikuwa na baraza, yaani benchi la mawe lililoshikana na ukuta wa nyumba. Juu palikuwa na roshani za mbao, ambako akina mama waliona yote yaliyopita chini bila wao kuonekana vizuri.

Matokeo yake ni kwamba kichochoro kilikuwa sehemu ya nyumba. Mtoto alicheza nje huku akitazamwa na wazee wa barazani na akina mama wa roshani. Mkono mmoja haulei mwana, wahenga walisema, na katika mitaa hii mikono ilikuwa mingi kweli kweli.

Kwa ufupi: nyumba zilizoshikana, vichochoro visivyo na magari, baraza na roshani viliufanya mtaa mzima kuwa mlezi wa mtoto.

## Kwa nini kumbukumbu za utoto hazifutiki

Wachunguzi wa akili ya binadamu wameona jambo moja likijirudia katika nchi nyingi. Mtu aliyepita umri wa makamo akiulizwa kumbukumbu za maisha yake, hatoi idadi sawa kwa kila umri. Nyingi zinatoka katika kipindi cha kati ya miaka kumi na thelathini. Kabla ya umri wa miaka mitatu hivi karibu hakuna kitu. Baada ya miaka thelathini siku nyingi hufanana na hazijitengi vizuri akilini. Ndiyo maana mzee anayesahau alichokula jana anaweza kutaja kwa mpangilio majina ya wote walioketi naye kwenye mkeka wa chuoni.

Sababu ya pili ni mahali. Kumbukumbu hushikamana na pembe, ngazi, mlango na kisima. Mtu anayepita tena mahali hapo hukumbuka jambo ambalo asingelikumbuka akiwa ameketi kwingine. Katika mji ambao nyumba zake zilidumu vizazi kadhaa, vishikio vya namna hii vilikuwa vingi. Ndiyo sababu nyumba ya zamani ikivunjwa na ghorofa mpya ikasimama, wazee huona wamepotewa na kitu kikubwa kuliko kuta.

Sababu ya tatu ni harufu. Harufu ina njia fupi ya kuingia katika sehemu za ubongo zinazohusika na hisia na kumbukumbu, na mara nyingi huamsha mambo ya miaka ya mwanzo kabisa. Mji wa Kale haukukosa harufu: iliki katika unga wa mahamri, udi unaofukizwa nguo, kahawa chungu, papa mkavu bandarini, tui la nazi linalochemka, chokaa mbichi baada ya mvua.

Sababu ya nne ndiyo kubwa, nayo ni kusimuliana. Hakuna mtu anayehifadhi utoto wake peke yake. Mmoja anakumbuka jina, wa pili mahali, wa tatu maneno yaliyosemwa. Wakikutana wanakamilishana. Mabishano ya wazee juu ya nyumba na msikiti ndiyo kazi yenyewe ya kuutunza ukweli, kwa sababu kila anayeongeza neno anaweza kusahihishwa na aliyekuwapo.

## Siku ya mtoto mtaani

Masimulizi ya watu waliokua Mji wa Kale katikati ya karne ya 20 yanafanana kiasi kwamba siku ya kawaida inaweza kuchorwa kwa mfuatano.

Alfajiri. Mji uliamshwa na adhana, kwani misikiti ilikuwa karibu karibu. Mmojawapo, Msikiti wa Mandhry ulioko karibu na Bandari ya Kale, husemwa kuwa ulijengwa mwaka 1570. Baada ya sala ulianza mwendo wa chai. Akina mama waliokuwa wakipika kwa biashara walikuwa wamekanda unga wa mahamri tangu usiku kwa tui la nazi, sukari, iliki na hamira, wakauacha uumuke. Alfajiri ulisukumwa, ukakatwa pembe tatu na kutiwa katika karai la mafuta. Mtoto alitumwa na bakuli la mbaazi za nazi na senti mkononi. Alipofika mlangoni alibisha hodi, akaamkia, akangoja zamu yake. Aliyesahau kuamkia alirudishwa nje aanze upya. Katika safari hiyo fupi alijifunza hesabu, adabu na kazi ya kutumwa.

Chuoni. Chuo, katika lugha ya Mombasa, ni madrasa ya Kurani. Mara nyingi kilikuwa chumba katika nyumba ya mwalimu. Watoto waliketi juu ya mkeka, wakubwa nyuma na wadogo mbele, kila mmoja akisoma mahali pake kwa sauti. Vizazi vya zamani vilianzia kwenye ubao: mwalimu aliandika herufi kwa wino na kalamu ya bua, mtoto akazikariri, kisha akauosha ubao ili uandikwe somo jipya. Waliofuata walianzia kwenye juzuu iliyochapishwa. Mwalimu aliweza kuzisikiliza sauti nyingi kwa pamoja na bado akamkamata aliyekosea. Mtoto alipohitimu Kurani wazazi walifanya sherehe, na mtaa mzima ukajua.

Skuli na mchana. Watoto wengi walichanganya chuo na skuli ya serikali au ya jamii yao. Hapo ndipo walipokutana na watoto wa mitaa mingine na lugha nyingine. Wenyeji wa kizazi hicho hukumbuka kujua Kigujarati cha dukani, Kiarabu cha msikitini na Kiingereza cha darasani, huku Kiswahili cha Kimvita, yaani lahaja ya Mombasa, kikibaki lugha ya mchezo na ya nyumbani kwa wengi.

Jioni. Baada ya sala ya alasiri kichochoro kilikuwa cha watoto. Kibe ulikuwa mchezo wa kujificha na kutafutana, na mji wenye vichochoro, ngazi na madaka ulikuwa kama umejengwa kwa ajili yake. Wavulana walizungusha pia na kucheza gololi. Wasichana walicheza mdako: kijiwe kinarushwa juu, na kabla hakijadakwa vijiwe vingine vinakokotwa kutoka kishimoni au kurudishwa humo. Upepo ulipokuwa mzuri zilirushwa tiara. Tiara ilitengenezwa nyumbani kwa karatasi nyepesi na chelewa mbili za mnazi, moja ikinyooshwa katikati na nyingine ikipindwa kama upinde. Gundi ilikuwa ya uji wa unga au punje za wali, na mkia ulikuwa kipande cha nguo kuukuu. Mkia mfupi ulifanya tiara izunguke na kuanguka, mrefu mno uliizuia kupaa. Watoto walijua kipimo chake bila kitabu.

Magharibi ilipoadhiniwa michezo ilikwisha. Barazani waliingia watu wazima na kahawa chungu iliyomiminwa katika vikombe vidogo, pamoja na kashata au halua. Mtoto aliyeruhusiwa kukaa pembeni kimya alisikia siasa, mashairi, nasaba za watu na habari za bahari.

Kwa ufupi: siku ya mtoto ilikuwa na walimu wengi kuliko waliolipwa mshahara. Muuza mahamri, mwalimu wa chuoni, watoto wakubwa na wazee wa barazani wote walifundisha.

## Bahari na pepo zake

Mji huu usingekuwako bila pepo mbili za msimu. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, takriban Desemba hadi Machi. Kusi huvuma kutoka kusini, kwa nguvu zaidi kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba. Kwa karne nyingi majahazi kutoka Uarabuni, Ghuba na India yalikuja na kaskazi na kurudi na kusi.

Mwanzoni mwa karne ya 20, baada ya reli iliyoanza kujengwa mwaka 1896, meli kubwa zilihamia bandari ya Kilindini upande wa pili wa kisiwa. Bandari ya Kale ikabaki ya majahazi. Kwa watoto hilo lilikuwa jambo la heri, kwa sababu Bandari ya Kale ilikuwa karibu na nyumbani na kazi zake zilionekana kwa macho. Waliona tende zikishushwa, mazulia yakitandazwa kwa wanunuzi, na papa mkavu na ng'onda vikipimwa. Waliona boriti za mikoko zikipakiwa kwenda nchi zisizo na miti. Walijua nahodha ni nani, na walitofautisha jahazi na mtepe wa hadithi za mababu, mashua na ngalawa.

Wavulana walijifunza kuogelea kwenye ngazi za bandari na chini ya kuta, mara nyingi kwa kutoroka. Mama alimgundua mtoto kwa chumvi iliyokauka ngozini. Masimulizi haya huchekesha wanaoyasimulia, lakini yana upande wa huzuni pia, kwa kuwa familia za pwani zilizopatwa na msiba wa maji si chache.

Katika miongo ya mwisho ya karne ya 20 majahazi ya ng'ambo yalipungua sana. Vyombo vya chuma, makontena na sheria mpya za biashara vilichukua nafasi yake. Mtoto aliyezaliwa Mji wa Kale mwaka 1990 hana kumbukumbu ya bandari iliyojaa milingoti ambayo babu yake anaizungumzia.

## Mwaka wa mtaa

Zaidi ya siku, watoto waliujua mwaka kwa sherehe zake.

Ramadhani iliugeuza usiku kuwa mchana. Kabla ya magharibi watoto walipita na sahani za futari zilizofunikwa kawa, wakizipeleka kwa majirani. Sahani iliyopelekwa haikurudi tupu. Mtoto aliyezibeba alijua vyakula vya nyumba kumi: viazi vya karai, kaimati, vibibi, mkate wa sinia, mkate wa mofa, muhogo wa nazi. Usiku wa manane wapiga daku walipita vichochoroni na ngoma zao kuamsha watu wale kabla ya alfajiri.

Idi ilileta nguo mpya na mkono wa Idi, yaani sarafu ambazo watoto walipewa kila walikokwenda kuamkia. Fedha hizo ziliishia viwanja vya Makadara, kwenye pembea, vitamu na mabuyu. Maulidi, sherehe ya kuzaliwa kwa Mtume, yalikusanya watu kwa kasida na matari.

Harusi zilichukua siku kadhaa na zilikuwa uwanja wa akina mama. Katikati ya karne ya 20 vyama vya lelemama, ngoma ya wanawake yenye sare na nyimbo za mafumbo, vilishindana vikali. Viwili vilivyotajika sana Mombasa ni Ibinaal Watan na Banu Saada. Baadaye taarabu ilitawala. Sauti za Juma Bhalo, Zein l'Abdin, Maulidi Juma na Zuhura Swaleh zilisikika katika harusi na redioni. Juma Bhalo alisifika pia kwa kuzipa tuni za filamu za Kihindi maneno ya Kiswahili, kwa hiyo mtoto aliyekwenda sinema Jumapili aliweza kuusikia muziki ule ule harusini wiki iliyofuata.

Ushairi haukuwa wa vitabuni tu. Mji huu ndio wa Muyaka bin Haji, malenga wa mwanzoni mwa karne ya 19, na katika karne ya 20 ukawatoa Ahmad Nassir Juma Bhalo na Abdilatif Abdalla. Watoto waliosikia watu wazima wakijibizana kwa mashairi walikua wakiona kwamba neno lililopimwa lina uzito kuliko kelele.

## Mambo yanayoachwa nje

Kumbukumbu hupenda utamu. Kila mara mtu anaposimulia, akili haitoi picha iliyofungiwa sandukuni. Inajenga upya kwa kuchagua, na mara nyingi huchagua yanayopendeza. Msikilizaji makini huuliza yaliyoachwa. Katika Mji wa Kale yako manne yanayostahili kuulizwa.

La kwanza ni wasichana. Hadithi nyingi za bandarini na viwanjani ni za wavulana. Msichana aliyebaleghe alivaa buibui na mwendo wake ukapunguzwa, na wengi walikatizwa masomo ili waolewe. Kumbukumbu zao ziko uani, jikoni, roshani na katika maandalizi ya harusi, na zina mengi ambayo kaka zao hawakuyaona.

La pili ni tabaka. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, lakini dharau kwa watu wenye asili ya utumwa haikwisha siku hiyo. Mtoto alijua mapema nani anaitwa muungwana na nani anasemwa pembeni. Mtaa ulilea, na papo hapo uliwatenga baadhi ya waliolelewa.

La tatu ni umaskini na maradhi. Nyumba nyingi zilijaa watu. Kabla ya maji ya bomba kuenea maji yalitekwa visimani au kununuliwa kwa wachukuzi. Watoto walikufa kwa maradhi ambayo leo yana chanjo.

La nne ni fimbo. Mtu mzima yeyote aliweza kumwadhibu mtoto wa jirani, na mtoto hakuthubutu kusema nyumbani kwa kuogopa adhabu ya pili. Wengine wanaiona kuwa siri ya malezi mema. Wengine, wakisikilizwa bila kukatizwa, hukiri kwamba iliwaumiza. Sauti zote mbili zinastahili kuandikwa.

Kwa ufupi: kumbukumbu ya kweli ina tamu na chungu. Inayosimulia tamu peke yake ni nusu ya historia.

## Kuipa kumbukumbu tarehe

Wazee wengi hawakumbuki mwaka. Watasema "nilikuwa mdogo" au "kabla sijaoa". Njia nzuri ni kutumia alama za wakati, yaani matukio yenye tarehe inayojulikana, kisha kuuliza kama jambo lilitokea kabla au baada yake. Kwa Mombasa alama hizi zinafaa:

- Fort Jesus. Ilikuwa jela kuanzia 1895 hadi 1958, ikafunguliwa kuwa makumbusho mwanzoni mwa miaka ya 1960. Anayekumbuka wafungwa anazungumzia miaka ya kabla ya 1958. Anayekumbuka kuingia na darasa lake kutazama mizinga anazungumzia baadaye.
- Bendera nyekundu. Bendera ya Sultani wa Zanzibar ilipepea juu ya Fort Jesus hadi uhuru wa Kenya, Desemba 1963.
- Sarafu yenye tundu. Senti kumi za Afrika Mashariki zilikuwa na tundu katikati. Kenya ilianza kutoa fedha zake mwaka 1966.
- Daraja la Nyali. La zamani lilielea juu ya maji na lilianza kutumika mwaka 1931. Jipya lilifunguliwa mwaka 1980.
- Filamu. *Mother India* ilitoka mwaka 1957 na *Sholay* mwaka 1975. Filamu haikufika mjini siku ile ile, lakini haikuweza kufika kabla.
- Skuli. Maziwa ya Nyayo, yaliyogawiwa watoto wa skuli za msingi, yalianza mwaka 1979, na mfumo wa elimu wa 8-4-4 mwaka 1985.

Kwa msaada wa alama mbili tatu, hadithi isiyo na mwaka huingia katika muongo wake. Alama hizi pia hufichua kwa nini wazee hubishana. Aliyezaliwa 1945 na aliyezaliwa 1958 wanaweza kuwa walicheza kichochoro kimoja, lakini wa kwanza aliiogopa Fort Jesus na wa pili aliitembelea. Wote wawili wanasema kweli.

## Namna ya kukusanya na kushiriki

Wenyeji wengi wa Mji wa Kale hawaishi tena humo. Wapo waliohamia Nyali, Kisauni au Bamburi. Wengine, hasa kuanzia miaka ya 1970, walikwenda Oman na nchi nyingine za Ghuba, na wengine Uingereza na Marekani Kaskazini. Watoto wao wanajifunza mtaa kwa masikio. Kwa hiyo kusimuliana, kulikokuwa kazi ya barazani, sasa kunahitaji mpango. Hatua zifuatazo hazihitaji utaalamu wowote, na simu ya kawaida inatosha kurekodi:

1. Omba ruhusa. Mweleze mzee utakachofanya na sauti yake, na nani ataisikia. Akitaka jambo fulani lisitoke nje, lisitoke.
2. Anza na mahali. Mwambie achore njia ya kutoka nyumbani hadi chuoni na ataje kila mlango. Majina na visa vitakuja vyenyewe.
3. Uliza vitu vidogo. Mlikula nini asubuhi? Nani alipika? Maji yalitoka wapi? Mlilala wangapi chumbani?
4. Waweke wawili pamoja. Watakumbushana na kusahihishana. Hakikisha pia kuna muda wa kila mmoja peke yake, hasa kwa akina mama.
5. Tumia picha. Andika nyuma ya kila picha ya familia, kwa penseli, majina, mahali na mwaka wa kukisia. Picha isiyo na majina hukosa maana kizazi kimoja tu kikipita.
6. Hifadhi zaidi ya mahali pamoja. Sauti iliyo katika simu moja hupotea na simu hiyo. Wape nakala ndugu wawili au watatu, na andika muhtasari kwenye daftari.
7. Linda heshima za watu. Aibu ya familia ya jirani, ugomvi wa urithi na siri za ndoa si vya kusambaza, hata kama wahusika wamekufa.

Kazi hii ina faida zaidi ya familia moja. Fort Jesus imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2011, na wageni huizuru wakijua nani aliijenga na nani aliiteka. Nyumba zilizo nyuma yake hazina bahati hiyo. Zinapovunjwa au kubadilishwa, kinachobaki cha kueleza maisha ya ndani yake ni maneno ya waliokulia humo.

## Muhtasari wa sura

- Mji wa Kale ulijengwa kwa namna iliyomfanya mtoto kuwa wa mtaa mzima.
- Kumbukumbu za utoto hudumu kwa sababu ya umri zilipotokea, mahali, harufu na kusimuliana.
- Zinahifadhi elimu isiyo katika nyaraka: vyakula, michezo, malezi, pepo, ujirani.
- Zinaacha mengi nje, hasa habari za wasichana, tabaka, umaskini na fimbo. Haya lazima yaulizwe.
- Alama za wakati husaidia kuzipa tarehe, na kurekodi kwa adabu husaidia kuzitunza.

Wazee waliozaliwa kabla ya 1950 wanapungua kila mwaka, na hakuna ofisi itakayowasikiliza kwa niaba ya watoto na wajukuu wao. Mwenye mzazi, bibi au babu aliyekulia mtaa wa zamani, uwe wa Mombasa, Lamu, Unguja, Tanga au Bagamoyo, aketi naye wiki hii na kumuuliza swali moja tu la kuanzia: kutoka mlangoni kwenu hadi chuoni, mlipita wapi?